Kutuza kwa Kadi

Vijana wangu wa ofisini, mmeniomba niwaandikie habari za kazi kabla sijazisahau, na mmeniomba kwa haraka iliyonitia wasiwasi. Haya, nimekaa barazani kwangu Msambweni, miguu nimeinyoosha mkekani, naandika. Habari za vyeo na mishahara hamtazipata humu. Jinsi nilivyofika kuwa mkuu wa Mfuko ni kisa kisicho na ladha: kiti kilibaki kitupu, nami nilikuwa nimesimama karibu.

Kazi yetu ninyi mnaijua, lakini nitaieleza hata hivyo, maana wajukuu zangu huwaambia wenzao shuleni kwamba bibi yao kazi yake ilikuwa kukata watu. Mfuko wetu wa Sanaa hupita mahali pa kazi, hotelini, mashambani na maofisini, ukimwomba mfanyakazi akubali kukatwa kiasi kidogo cha mshahara wake. Vidogo hivyo vikikusanyika ndivyo vinavyoendesha vikundi vya ngoma, maigizo, uchongaji na ususi vya Kwale nzima. Kwa ufupi ni kazi ya kuombaomba, ila unaifanya ukiwa umevaa viatu.

Na viatu ndivyo vilivyonitia aibu siku ya kwanza. Niliingia ofisini na viatu vya kisigino kirefu na hotuba niliyoikariri kwa mume wangu mpaka akahamia chumba cha pili. Aliyenipokea ni Mwalimu Suleiman, mwanzilishi wa Mfuko, mwalimu mkuu mstaafu wa kutoka Kombani. Mzee huyo alianzisha Mfuko baada ya kuona wazee wenzake wakicheza ngoma ya sengenya mbele ya wageni wa hoteli mpaka jasho likawaingia machoni, kisha wakalipwa soda na kipande cha keki. Soda hakuichukia. Alichochukia ni kwamba ilikuwa ya moto.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hivyo viatu utavivua lini?"

Nilivivua mchana uleule, kwenye mchanga wa nyuma ya hoteli moja ya Diani, tulipokuwa tukizunguka kutafuta mlango wa wafanyakazi. Mwalimu hakuingia kwa mlango wa mbele maisha yake yote. Alianza kwa mlinzi, akamjulia hali, akamuuliza habari za mkewe na za mbuzi wake aliyekuwa mgonjwa. Kisha akaenda kwa wapishi, kisha kwa dobi, na meneja akamsalimia mwisho kabisa, akiwa tayari anaondoka. Nilipomuuliza sababu, alisema mameneja hubadilishwa kama mapazia, lakini mlinzi utamkuta palepale na mbuzi wake. Ushauri huo nimeutumia miaka yote, na kwa mbuzi peke yake ningeweza kufungua zahanati ya mifugo.

Alinifundisha pia saa ya kuomba. Usimwombe mtu kabla ya kula, atakuchukia. Usimwombe baada ya kula, atakulalia. Mwombe wakati harufu ya pilau imeshafika na sahani bado. "Hapo," alisema, "mwanadamu huamini mambo mengi."

Vyombo vyetu vya kazi vilikuwa vichache na vyote vilikuwa na kiburi. Kalamu tulizifunga kamba, kwa kuwa kalamu isiyofungwa huondoka na mtu, tena mtu mwenyewe huwa ndiye aliyekataa kukatwa. Tulikuwa na mkeka wa kukalia wasanii, na kipaza sauti cha kushika mkononi, cha betri, alichokinunua Mwalimu kwa mtu ambaye hakutaka kutaja jina lake. Kipaza sauti hicho kilikuwa na kitufe cha king'ora, nacho kililia kilipotaka chenyewe. Tulipokitumia mara ya kwanza katika shamba moja la miwa, nilisema "Assalaam aleikum, ndugu wafanyakazi," na king'ora kikafuata. Watu wote wakatupa mapanga, wakakimbilia mahali pa kukusanyika moto ukizuka, wakajipanga mistari, wakahesabiana. Mwalimu aliwatazama kwa furaha kubwa. Akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kupata mahudhurio mazuri kama yale, akaanza kuhutubia.

Vikundi vyenyewe navyo vilinifundisha subira. Wachongaji wa Funzi walitakiwa kutuletea ripoti kila mwezi kama vikundi vingine. Ripoti yao ya kwanza ilisema: "Shughuli za mwezi: tumefikiri. Changamoto: mvua. Mpango wa mwezi ujao: kuendelea kufikiri." Nilipanda mashua kwenda kuwagombeza. Niliwakuta wamekaa wanalitazama gogo, nikakaa nao kidogo kwa adabu, na baada ya muda nikajikuta nami nafikiri. Nilirudi Msambweni jioni nikiwa nimekubaliana nao kwamba gogo lile halijawa tayari.

Lakini shida kubwa ya miaka yangu ya mwanzo ilikuwa kwamba watu walikuwa wakijiondoa. Walikubali kukatwa kwa bashasha, na baada ya miezi michache walikuja mmoja mmoja, wamenuna, wakitaka majina yao yafutwe. Hatukujua tumewakosea nini. Aliyetufumbua macho ni Bi Saumu, mkuu wa dobi katika hoteli moja ya Diani, ambayo nitaiita hoteli tu, kwa kuwa ndiyo iliyonitia mvi na sitaki kuitangaza bure. Bi Saumu ni mwanamke mpana wa sauti na wa mwili, na siku hiyo alinishika mkono, akaniketisha juu ya rundo la mashuka.

"Mwanangu Mishi," akasema, "mimi natoa kila mwezi. Kuna aliyewahi kuniona nikitoa?"

"Hapana, Bi Saumu. Hukatwa hukohuko kwenye mshahara."

"Sasa hiyo ni kutoa au ni kuibiwa?"

Nilimpelekea Mwalimu swali hilo, akajipiga paji la uso. "Tumefanya ujinga," akasema. "Sadaka hutolewa kimya, mkono wa kushoto usijue. Lakini ngoma haipewi sadaka. Ngoma hutuzwa!"

Kwa wenzetu mliotoka bara, nieleze. Mtu wa kwetu akifurahishwa na mwimbaji hamtumii pesa kwa siri. Huinuka kitini taratibu, akaifunga leso yake vizuri, akapita katikati ya watu wote akicheza kidogo, noti ameiinua juu. Hufika mbele, humzunguka mwimbaji, humbandika noti kwenye paji la uso au humtia mkononi, kisha hurudi kitini taratibu zaidi kuliko alivyokwenda. Na jambo muhimu zaidi ni ubeti wa kuinukia. Mwimbaji akimwimba jirani mwenye wivu, nawe una jirani, huo ndio ubeti wako. Unainuka, unatuza, na njiani unamtazama mwenyewe. Hujatukana. Hujasema neno. Umetuza tu.

Basi tukatengeneza kadi. Kadi nene, ya manjano, yenye jina la mfanyakazi na maneno yasemayo kwamba anakubali kukatwa mwaka mzima. Kila mwaka tulipeleka kikundi kwenye kantini ya wafanyakazi, na badala ya noti watu walituza kwa kadi. Mwimbaji akimaliza, tunaziokota kadi mapajani mwake, tunazipeleka kwa mhasibu. Nakumbuka uso wa mhasibu wa kwanza, alipopewa kadi iliyonata jasho na poda ya Bi Zuhura.

Huyo Bi Zuhura ndiye mwimbaji wetu mkubwa, kiongozi wa kikundi cha Munje. Ni mwenzangu kwa umri, mwembamba, mpole ukikutana naye sokoni, na mbele ya watu ulimi wake ni wembe. Alipofika hotelini mara ya kwanza aliuliza tu, kwa upole, kama kuna lolote la kujua kuhusu mahali hapo. Mtu wa dobi akamnong'oneza jambo kuhusu chakula cha wafanyakazi. Alipofika katikati ya wimbo akatia hivi:

Mchuzi wako bahari, samaki hatumuoni,
Wajisifu uhodari, nini kilicho chunguni?

Bi Saumu akainuka. Dobi nzima ikainuka nyuma yake, kadi juu, na wote walipita mbele ya Rashidi, mpishi mkuu, ambaye alikuwa amesimama na kofia yake ndefu bila mahali pa kuificha. Mwaka uliofuata Rashidi alimwahi Bi Zuhura mlangoni na sahani ya mahamri, na ubeti wa mwaka huo ukawa juu ya mashuka meupe yanayorudi na ramani ya dunia. Jikoni kote kukainuka. Bi Saumu alituza akijibu, akatuza tena, akatuza mpaka mwanawe akaja ofisini kwetu kuuliza kama mama yake amejiunga na chama cha siri. Tukaweka sheria kwamba hasira ikizidi kadi tatu, mtu apewe kwanza maji ya kunywa.

Ripoti zetu za mwaka ziliandika kwamba mwamko wa wafanyakazi kuhusu sanaa umeongezeka. Mwamko wenyewe ulikuwa wa dobi kuikomoa jikoni na jikoni kuikomoa dobi. Lakini vikundi vilipata, na kwa kadi za hoteli ile peke yake tulifungua darasa la watoto huko Munje, chini ya banda la makuti, ambapo wazee wawili walilipwa kufundisha ngoma, kayamba na kupuliza chivoti, filimbi yetu ya kale. Mwalimu Suleiman aliliona darasa hilo likianza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasikiliza watoto wakipiga mdundo uliokwenda kila upande isipokuwa mbele, akalia waziwazi. Aliaga dunia baada ya hapo, Mungu amrehemu, na kitufe cha king'ora alikiacha hakijatengenezwa.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu kuliko zote, iliyonikuta nikiwa nimeshaanza kufunga virago vya kustaafu. Hoteli ilipata meneja mpya. Bwana Mutua alikuwa mtu wa bara, mrefu, mstaarabu, shati lake limepigwa pasi mpaka angelivua lingesimama lenyewe. Aliniita, akaniagizia chai, akanivunja moyo kwa heshima zote.

"Mama, mimi sina shida na sanaa," akasema. "Lakini hawa watu wa dobi na wa jikoni hawaongei tangu hiyo onyesho yenu ya mwaka jana. Vitambaa ya meza inarudi imekunjwa pembe tatu makusudi. Watu wa dobi wanapewa ukoko. Hii maneno mimi naisimamisha."

Nilimwambia habari za darasa la Munje. Nilimweleza kwamba kadi za hoteli yake zikikatika, wale wazee wawili hawatalipwa na banda litafungwa. Alisikiliza, akaguswa, nikamwona anaguswa. Mwisho akakubali onyesho moja zaidi, naye mwenyewe atakaa mstari wa mbele. Akiona amani, makato yataendelea. Akiona vita, ndiyo mwisho.

Nilikwenda Munje siku ya darasa. Ngoma hazikutosha, kwa hiyo nusu ya watoto walikuwa wakipiga mitungi ya plastiki, na msichana mmoja asiye na meno ya mbele alikuwa akipuliza chivoti kwa bidii, sauti ikitokea kwenye pengo badala ya kwenye filimbi. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini, kwa sababu nilijua banda likifungwa, nikishastaafu hakuna atakayekuja kulifungua tena. Nikamvuta Bi Zuhura pembeni.

"Zuhura, mwenzangu, mwaka huu nataka nyimbo zisizo na mtu ndani."

"Wimbo usio na mtu ndani ni wa nini?"

"Ni wa kuliokoa hili banda."

Akaliangalia banda. "Mpishi simgusi?"

"Humgusi."

"Wala dobi?"

"Wala dobi."

"Wake wenza? Hao hawako hotelini, Mishi. Wake wenza ni wa watu wote."

"Hapana, Zuhura!"

"Jirani mmoja tu, mdogo?"

"Hakuna jirani."

"Basi wataka niwaimbie nini, a-e-i-o-u?"

"Imba vyombo vya nyumbani. Vyombo havina aliyegombana navyo."

Aliguna mguno mrefu, akawatazama watoto, akakubali. Na mjue kwamba Bi Zuhura akikubali amekubali. Siku ya onyesho alipita langoni akiwa ameziba masikio kwa ncha za leso, asije mtu akamnong'oneza jambo. Watu wa dobi walijipanga upande huu, wa jikoni upande ule, kila mmoja na kadi yake na ubeti aliouota usiku. Bwana Mutua alikaa mbele, mikono mapajani. Mimi nilikaa pembeni yake, karibu na mlinzi, nikisoma kila dua niliyofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa ufagio. Ulisifu ufagio, ukasema unafagia vizuri. Hakuna aliyeinuka. Watu walitazamana, na hapo ndipo nilipoanza kuiona hatari. Watu hawa walikuwa wamezoea kuonyeshwa wa kusemwa. Sasa hawakuonyeshwa, kwa hiyo kila mmoja akaanza kumtafuta mwenyewe. Wafagiaji wa bustani walimtazama msimamizi wao, msimamizi akalegeza tai. Mwanamke mmoja wa mapokezi alisema kwa sauti, "Mimi najua ni nani!" na alikuwa hajui. Wimbo wa pili ukaingia, na Bi Zuhura, macho ameyafumba, uso umejaa wema, akaimba:

Kikombe changu cha chai, kidogo cha maridadi,
Kingine mimi sidai, hiki kwangu ni zawadi.

Nilisikia kitu kikishuka kantini nzima, kama pumzi za watu wote zimeshikwa. Bi Saumu aligeuza kichwa, akamtazama Rashidi. Rashidi akamtazama Bi Saumu. Waliinuka pamoja. Nyuma yao ikainuka dobi, ikainuka jikoni, wakainuka watu wa bustani, wa bwawa la kuogelea na wa mapokezi, na kila mmoja mkono mmoja ameinua kadi ya manjano na mkono wa pili ameinua kikombe kidogo cheupe. Rashidi chake alikiweka juu ya ile kofia ndefu. Walikuja wote, wakicheza taratibu, na hakuna hata mmoja aliyemtazama mwenzake. Walikuwa wanautazama mstari wa mbele.

Mlinzi akaniinamia sikioni. "Bi Mishi, hivyo vikombe ndivyo alivyotuletea huyu bwana. Vile vyetu vikubwa vya bati amevifungia stoo. Sasa mtu akihema tu karibu na chai, imekwisha."

Nilitamani ardhi inimeze na mkoba wangu. Hoteli nzima ilikuwa ikimsuta meneja mbele ya macho yake, na Bi Zuhura, maskini, alikuwa anaimba juu ya kikombe. Darasa la Munje nililiona likifungwa, nikaiona ile chivoti ikining'inizwa ukutani.

"Mama!" Bwana Mutua alinishika mkono. Macho yake yalikuwa na machozi. "Wameungana! Dobi na jikoni!"

"Wameungana, Bwana Mutua."

"Hii wimbo inasema nini?"

"Inasema juu ya kikombe."

"Kikombe tu?"

"Kikombe tu."

Akainuka. Nilimshika shati, likaniponyoka kwa ile pasi. Aliingia katikati ya watu, mabega yakicheza mchezo wa kwao ambao sijapata kuuona tena, akafika mbele ya Bi Zuhura pale hasa alipokuwa akirudia kwamba kingine hadai. Akapapasa mifuko. Kadi hakuwa nayo. Basi akakibandua kibati cha jina kifuani mwake, kile kilichoandikwa Meneja Mkuu, akamzunguka Bi Zuhura mara moja, akambandika begani.

Kantini nzima ilikitazama kile kibati. Kisha ikapasuka. Watu walicheka mpaka wakakaa sakafuni. Bi Saumu alimwangukia Rashidi begani, na Rashidi akamfuta machozi kwa kofia yake. Bwana Mutua alizungushwa, akapigiwa vigelegele, akapewa maji bila hata ya kufikisha kadi tatu. Bi Zuhura alipofumbua macho akajiona ameshakuwa meneja, na kabla hajatoka kwenye mkeka, kijana mmoja wa bwawa alimwomba likizo, naye akampa.

Baada ya saa moja niliitwa ofisini. Bwana Mutua alikuwa amekaa nyuma ya meza, kifua hakina jina.

"Mama, funga mlango. Nimeomba kibati yangu. Huyo mama amesema kitu ikituzwa hairudi."

"Ni kweli. Hairudi."

"Sawa. Nimeuliza mlinzi kwa nini watu wananicheka mpaka sasa hivi. Ameniambia, 'Muulize Bi Mishi.' Sasa nauliza. Hiyo wimbo ilikuwa yangu?"

Nilikuwa na uongo mzuri mdomoni, umeshavaa nguo. Nikawafikiria wale watoto na mitungi yao. Lakini mtu yule alikuwa ametuza kwa moyo safi mbele ya watu, na aliyetuza hadanganywi.

"Aliyeimba hakukuimba wewe, baba," nikasema. "Waliotuza walikutuza wewe. Ni habari ya vikombe."

"Na mimi?"

"Na wewe ukajituza."

Akatazama mahali kibati kilipokuwa. "Kwa nini hawakuniambia tu?"

"Kwa mdomo? Kumwambia mkubwa usoni ni kukosa adabu."

"Na kunizunguka na vikombe kwa kichwa?"

"Hiyo ni sanaa."

Alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na akicheka anafunika uso kama mtoto. Alipomaliza akainua simu, akaagiza stoo ifunguliwe na vikombe vya bati virudi kantini kabla ya chai ya jioni. Kisha akasema, "Makato itaendelea, Mama. Waambie hao wazee wa Munje waendelee kufundisha." Nililia palepale kwenye kiti cha wageni, mimi niliyejigamba miaka yote kwamba kazini silii, naye akanisukumia karatasi za kufutia machozi, akaangalia pembeni kwa ustaarabu wake.

Nilipoinuka kuaga, alikohoa.

"Mama, kuna mkurugenzi wetu wa Nairobi. Anakuja mwezi ujao kukagua. Kuna jambo nimemwandikia tangu nifike hapa, hajibu." Akashusha sauti. "Kumwambia usoni si ni kukosa adabu?"

"Ni kukosa adabu kabisa."

"Huyo Bi Zuhura anaweza..."

"Bi Zuhura siku hizi hamwimbi mtu," nikamkatiza. "Anaimba vyombo vya nyumbani tu."

Bwana Mutua alifikiri. Polepole akainua macho, mpaka juu ya dirisha, ambapo kiyoyozi chake kilikuwa kikikoroma na kudondosha maji kwenye ndoo.

"Na hiyo, Mama," akasema, "si ni chombo pia?"